Somo: Jinsi viumbe wanavyotengeneza mwanga, na sisi tunavyoutumia kama kipimo

Wakuu, habari zenu. Leo tuingie kwenye mwanga wa vimulimuli na wenzao. Wengi huishia kusema "maajabu!" na kupita. Mimi nataka tufike hadi pale mwanga huu unapogeuka kuwa kipimo cha maabara.

Hatua ya 1: Toa visivyohusika. Macho ya paka yanayowaka gizani hayamo humu. Yale yanarudisha mwanga uliotoka kwingine. Zima tochi, nayo yamezimika. Kimulimuli anautengeneza wa kwake, tumboni, kwa kemia.

Hatua ya 2: Jua viambato. Kuna lusiferini, ambayo ndiyo inayotumika na kuisha. Kuna lusiferasi, kimeng'enya kinachoendesha kazi. Halafu kuna oksijeni. Vikikutana, huzaliwa molekuli yenye nishati iliyozidi, na inapotulia, ziada ile hutoka kama mwanga. Kimulimuli anadai kitu kimoja zaidi: ATP, molekuli ya nishati iliyomo katika kila seli hai. Hiyo ATP ishikilie, tutairudia.

Umuhimu wa hewa ulionekana zamani. Katika karne ya 17 Robert Boyle aliweka ndani ya chombo kipande cha mti uliooza, ule unaong'aa kwa sababu ya kuvu, akanyonya hewa. Mng'ao ukazimika. Aliporudisha hewa, ukawaka tena.

Hatua ya 3: Fuata jaribio la Dubois. Hapa msiruke, maana ndipo penye utamu. Mwaka 1887 Mfaransa Raphaël Dubois alichukua kombe anayetoboa miamba, Pholas dactylus, akatengeneza maji ya aina mbili. La kwanza, alisaga sehemu zinazong'aa katika maji baridi: yakawaka, kisha taratibu yakafifia hadi giza. La pili, alitumia maji ya moto: hayakuwaka. Akayaacha yapoe, akachanganya na yale yaliyokwisha kuzimika. Mwanga ukarudi!

Fikiri kidogo. Katika maji baridi lusiferini ilikuwa imeisha, lakini kimeng'enya kilibaki kizima. Katika maji ya moto joto lilikiharibu kimeng'enya, lusiferini ikasalimika. Kila chombo kilikuwa na kile ambacho mwenzake amekosa.

Hatua ya 4: Uliza nani hasa anawasha. Si kila anayeng'aa anajitengenezea. Ngisi mdogo wa Hawaii hufuga bakteria wanaong'aa katika kiungo maalumu, na usiku mwanga wao humfichia kivuli asionekane kutoka chini.

Hatua ya 5: Geuza hesabu. Kama kiambato kimoja kikikosekana mwanga haupo, basi weka vyote isipokuwa kimoja, na mwanga utakuambia kama hicho kimoja kipo. Ndivyo viwanda vya chakula na hospitali hupima usafi. Unapangusa meza kwa kijiti chenye pamba, unakitumbukiza kwenye kichupa chenye lusiferini na lusiferasi ya kimulimuli, kisha kifaa kinasoma mwanga kwa sekunde chache. Mwanga mwingi, ATP nyingi: meza haijasafishwa vizuri.

Watafiti wa saratani nao hupandikiza jeni ya lusiferasi kwenye seli za uvimbe wa panya wa maabara, wakamdunga lusiferini, na kamera ikaonyesha uvimbe ulipo bila kumpasua.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Mwanga huo hauwaunguzi wenyewe?*
Marahaba. Hauwaunguzi. Hautokani na kitu kupashwa joto kama waya wa balbu, kwa hiyo ni mwanga baridi.

*Mkuu, kimulimuli anazimaje?*
Neva ndizo zinazotoa amri, na oksijeni inaruhusiwa au kuzuiwa kufika kwenye seli za mwanga. Mtindo wa kuwaka ni wa kutafutia mchumba, ila kuna majike wa jenasi ya Photuris huko Marekani wanaoiga ishara za spishi nyingine, dume akija analiwa.

*Ile protini ya kijani ya Nobel ya 2008 ndiyo hii?*
Hapana, ni jirani yake. Osamu Shimomura aliipata kwa yavuyavu, Aequorea victoria, akashiriki tuzo na Martin Chalfie na Roger Tsien. Yavuyavu huyo ana protini nyingine, ekworini, inayotoa mwanga wa buluu ikikutana na kalsiamu. Ile ya kijani hupokea nishati hiyo na kuitoa kwa rangi yake. Peke yake gizani haiwaki.

*Kile kijiti cha pamba kinaweza kugundua virusi?*
Hakiwezi. Virusi havitengenezi ATP. Tena hakitofautishi bakteria na mabaki ya chakula, maana yote yana ATP. Ukitaka kujua ni kijidudu gani, peleka sampuli maabara ioteshwe.