Kamera mpya ama lenzi tu? Pima hivi kabla hujatoa pesa

Mimi natumia Canon 700D, ile ya 2013, megapikseli 18, na kila Maulidi wageni wakijaa hapa Lamu na makamera yao mapya mate yanitoka wallahi. Lakini sijanunua bado, ntakwambia navyopima.

Kaa chini ufungue picha mbovu za miezi mitatu iliyopita, zile unaona haya hata kumpa mteja, kila moja uitizame imeharibikia wapi. Zangu nyingi zilikuwa za usiku, harusi na goma la Maulidi, chengachenga tupu kwa vile nimepandisha ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga, ukiipandisha sana picha yachafuka) mpaka 6400, na lenzi ni ile iliyokuja na kamera, ukizumu mpaka mwisho inakomea f/5.6, yaani tundu dogo la mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Sa hapo bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ina kosa gani? Nikaazima lenzi ya 50mm f/1.8, inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, ISO ikashuka mpaka 800 spidi ya kupiga ikiwa ile ile. Na lenzi ya EF, aina inayoingia Canon kama hii yangu, haipotei, siku ukihamia zile Canon mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) unaifunga kwa adapta, kwa hivyo anza na lenzi.

Picha zote zikiwa kama zina moshi, mulika lenzi kwa tochi kwanza. Unyevu wa huku kwetu waotesha kuvu ndani ya kioo, utanunua bodi mpya halafu ufunge kuvu ile ile.

Megapikseli usihangaike nazo, kuchapisha A4 vizuri hata 9 hazifiki.

Bodi mpya ina maana ukikuta makosa yako ni ya fokasi, mfano mashindano ya mashua, nahodha ageuka, tanga lapita mbele, na 700D ina vituo 9 tu vya fokasi wakati hizi mpya zashika jicho la mtu na kulifuata. Ama wateja wataka video ya 4K, ile kali zaidi, maana hii yaishia 1080. Hapo sawa, lakini azima ama kodi moja ufanyie kazi ya harusi nzima, na kwenye hesabu tia adapta, kadi ya kasi na betri za ziada, hizi mpya zala betri vibaya sana, mi ile niliyokodi ilizima bwana harusi hajaingia bado.