Kuchagua jeti na vali ya nguvu katika kabureta ya Holley

Mwenye gari la Kimarekani kama Chevelle au Mustang ya mwishoni mwa miaka ya 1960, lenye kabureta ya Holley (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), huambiwa mara nyingi kwamba aing'oe vali ya nguvu, inayoongeza petroli injini inapobeba mzigo, azibe tundu lake na kufunga jeti kubwa, yaani skrubu ndogo zenye tundu la kupimia petroli. Kwa gari la barabarani ushauri huo ni wa hasara. Vali ikishazibwa, jeti hulazimika kupandishwa namba sita au zaidi ili injini isikose petroli inapobeba mzigo, na jeti hizo zitaendelea kumimina petroli hata gari linapotembea taratibu kwenye tambarare. Plagi zitajaa masizi, na petroli isiyoungua itaosha oili kwenye kuta za silinda.

Kazi za vipuri hivi viwili zinatofautiana. Jeti kuu hupima petroli ya safari ya kawaida, ilhali vali ya nguvu huongeza petroli pale tu mvuto wa hewa ndani ya manifoldi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda) unaposhuka, yaani dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu au gari linapopanda mlima. Namba iliyogongwa kwenye vali ndiyo inayoeleza mahali inapofungukia: 65 maana yake inchi 6.5 za zebaki. Kwa sababu hiyo jeti huchaguliwa kwanza, kwa mwendo wa safari, na vali hufuata kwa kipimo cha geji ya mvuto huo.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) iko sawa, manifoldi haivuji hewa na usawa wa petroli kwenye bakuli la kabureta ni sahihi. Katika mabakuli yenye tundu la kuchungulia, petroli inapaswa kufika ukingo wa chini wa tundu hilo. Nalisisitiza hili kwa kuwa usawa ukiwa juu mno, kila jeti utakayofunga itaonekana kubwa, nawe utabadilisha jeti siku nzima bila kuupata ugonjwa wenyewe.

Tuchukue kabureta ya Holley ya modeli 4160, inayopitisha hewa futi za ujazo 600 kwa dakika, ambayo namba yake ya orodha ni 1850. Upande wa mbele una jeti mbili za kufungua kwa bisibisi pana, na kiwandani hufungwa namba 66. Upande wa nyuma una bamba lenye matundu lisilo na jeti za kubadilisha. Injini ikiwa imepoa, weka chombo chini ya bakuli, mwaga petroli, kisha fungua. Badilisha namba mbili kwa mara moja, na jeti zote mbili ziwe sawa. Endesha kwa mwendo usiobadilika: gari likisitasita na kushtuka-shtuka ilhali pedeli haijasogezwa, mchanganyiko ni mwepesi, yaani una petroli kidogo, hivyo panda namba ya jeti; plagi zikitoka nyeusi na kavu baada ya safari hiyo, shuka namba. Usitoboe jeti kwa keekee, kwani umbo la mdomo wake nalo huamua kiasi kinachopita.

Kwa vali, unganisha geji kwenye manifoldi na uisome injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta; kama giaboksi ni ya otomatiki, soma ikiwa kwenye gia huku breki zimekazwa na magurudumu yamewekewa vizuizi. Gawa kipimo kwa mbili: inchi 9 zinadai vali ya 45. Kamshafti kali (mhimili unaofungua vali za injini kwa upana na muda mrefu zaidi) hushusha mvuto, na ndiyo maana vali ya 65 iliyoifaa injini ya kiwandani inaweza kufunguka ovyo baada ya kamshafti kubadilishwa. Kanuni hiyo ni ya kuanzia tu. Soma geji pia ukiwa safarini, na vali ifunguke chini kidogo ya kipimo cha chini kabisa utakachokiona kwenye mwendo usiobadilika. Ikichelewa mno, injini itasita au kugonga inapopanda mlima.

Mwinuko nao una neno. Gari lililopimwa Detroit, mji wa Marekani usio na mwinuko mkubwa, likihamia Denver, mji ulio mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, hupoteza takriban inchi moja ya mvuto kwa kila mita 300 za kupanda. Injini iliyosoma 14 itasoma karibu 9 au 10, hivyo namba ya vali ishuke, na jeti zipungue kama namba mbili kwa sababu hewa ni nyepesi.

Unapofunga vali, tumia gasketi inayolingana na aina yake, safisha uso inapokalia na usikaze kupita kiasi. Katika kabureta za zamani zisizo na kinga, mlipuko wa injini unaorudi nyuma kupitia kabureta unaweza kupasua diaframu, yaani utando mwembamba ulio ndani ya vali. Kulipima jambo hilo, washa injini bila kukanyaga mafuta, kisha funga polepole hadi mwisho skrubu za mchanganyiko, zinazorekebisha petroli injini inaponguruma taratibu. Injini ikiendelea kunguruma kana kwamba hujagusa kitu, petroli inapita njia nyingine, na mahali pa kwanza pa kutazama ni diaframu ya vali hiyo pamoja na gasketi yake.