Kusafisha Ruger 10/22 nyumbani, na vitu vya kubadilisha ukishasafisha

Jamaa mmoja aliniletea 10/22 yake, ile bunduki ya Ruger inayotumia risasi ndogo za .22, akiwa ameshanunua ekstrakta mpya kabisa (ndoana inayovuta ganda litoke), anasema kila risasi tatu nne ganda linakwama halitoki. Nikaifungua, nikachukua kijiti cha meno nikapitisha chini ya ile ekstrakta ya zamani, likatoka donge jeusi linanata kama lami, nta na masizi na vumbi la risasi vimeshikana. Ile ekstrakta mpya hatukuifunga. Ndo maana mi nasema safisha kwanza, kununua baadae.

Hizi bunduki za .22 zinachafuka haraka kwa sababu risasi yake ni ya madini laini imepakwa nta kwa nje, alafu bolti ya 10/22, kile chuma kinachoenda mbele na nyuma kuziba nyuma ya risasi, haifungwi na kitu chochote, ni uzito wake na springi tu, ganda linaisukuma nyuma na masizi yanarudi nalo ndani.

Hatua ya kwanza hairukwi hata kama juzi tu uliifungua. Toa magazini, vuta bolti nyuma, angalia ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, alafu ingiza kidole uguse, maana jicho linadanganya. Risasi zote zipeleke chumba kingine, mezani isibaki hata moja.

Hatua ya pili, legeza skrubu ya ile pete ya mbele inayoshika mtutu uitoe, alafu fungua skrubu kubwa iliyo chini ya mbao (kitako cha bunduki) mbele ya magazini. Tumia bisibisi bapa inayojaa kwenye mfereji, ikicheza itang'oa kichwa cha skrubu. Sasa kitufe cha usalama kiweke katikati, sio kulia sio kushoto, ndo bodi, kile kiwiliwili cha chuma kinachobeba bolti, itachomoka kwenye mbao, anza kuinua upande wa mtutu. Wengi wanakwama hapa wanaanza kutumia nguvu kumbe ni kile kitufe tu.

Hatua ya tatu ni pini. Mbili zinashika kikasha cha triga na mara nyingi zinadondoka zenyewe, kwahiyo fanyia kazi juu ya taulo. Nyundo, ile inayogonga pini ya kufyatulia, iwe imekokwa (imevutwa nyuma ikashika) kabla hujatoa kikasha, na kikiwa nje usivute triga. Ya tatu ipo nyuma kabisa, ndo inayosimamisha bolti, itoe nayo. Geuza bodi juu chini, vuta mkono wa bolti mpaka mwisho, inua bolti kwa mbele itatoka, baada ya hapo mkono na springi yake vinafuata. Vaa miwani ya kukinga macho, springi ikiruka haichagui.

Kwenye bolti ndo utumie muda. Uso wake unaogusa ganda, ule ukingo na chini ya ekstrakta, sugua na brashi ya mswaki yenye dawa ya kusafishia, chokonoa na kijiti cha mbao mpaka uone chuma cheupe. Usisahau chemba, pale kwenye mdomo wake uchafu unajenga pete na risasi haizami vizuri, tumia brashi ya shaba ndogo, zungusha taratibu.

Mtutu wenyewe usiusugue kama sufuria. 10/22 huwezi kuusafisha kutokea nyuma kwa sababu bodi imeziba, na ufito wa kusafishia ukiingia kwa mbele unakwangua mdomo wa mtutu, na mdomo ukiharibika shabaha imeondoka. Mi natumia kamba ya kuvuta, inaingia upande wa chemba inatokea mbele, mara mbili tatu inatosha.

Kikasha cha triga kipulize na dawa, kiache kikauke, tone moja moja la oili kwenye pini basi. Oili nyingi inakamata masizi, wiki mbili umerudi palepale. Magazini futa midomo yake na kitambaa kikavu, usiijaze oili.

Sasa kubadilisha. Ya kwanza kabisa ni ile pini ya nyuma, ya kiwandani ni chuma na bolti inaigonga kila risasi, weka ya plastiki ngumu, inapunguza ule mlio wa chuma kwa chuma na ni dakika moja tu. Ya pili ni kile kibati cha kuachia bolti, cha zamani kinataka ukibonyeze huku unavuta, kipya unavuta tu bolti inaenda. Triga ya kiwandani ni nzito, Ruger wenyewe wanauza BX-Trigger, kikasha kizima, inavutika kwa kama kilo 1.25 na ukiweka hauchongi kitu. Kuchonga triga kwa tupa nyumbani naomba usifanye, ikizidi kuchongwa bunduki inaweza kufyatuka bila kuguswa. Na kabla ya kununua chochote soma kwanza sheria ya leseni yako.

Kurudisha ni kinyumenyume, skrubu usikaze kwa hasira maana bodi ni alumini. Bado bila risasi, koki, weka usalama, vuta triga: nyundo isianguke. Toa usalama, vuta ianguke, shikilia triga hivyohivyo ukoki tena, achia taratibu usikie inaita tik, vuta tena ianguke. Nawa mikono na sabuni kabla hujagusa chakula.

Ukifika uwanja wa shabaha anza na risasi moja kwenye magazini, alafu mbili. Zile mbili zikitoka kwa mvuto mmoja, simamisha kila kitu, toa magazini, mpelekee fundi wa bunduki. Zikitoka moja moja, jaza zote kumi.