Ada ya bima kubwa ya gari: kagua haya kabla hujalipia mwaka mwingine

Dereva ambaye hajagonga hata bodaboda kwa miaka kumi na yule aliyepata leseni mwezi uliopita wanaweza kutajiwa bei ileile ya bima. Inauma, na anayelalamika ana haki. Ila ukitaka kupunguza ada yako, anza kwa kujua inavyopigwa hesabu. Hapa kwetu Tanzania kampuni hazianzi na dereva, zinaanza na gari: ni bima ndogo (inayolipa hasara ya watu wengine tu) au kubwa (inayolipa na ya gari lako), linatumika kwa kazi gani, na lina thamani gani. Viwango vya chini vimewekwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kwa hiyo kuzunguka ofisi zote za mjini Mwanza ukitafuta bei iliyo chini ya kiwango ni kuchosha miguu, na wakala atakayekupa bei hiyo mtilie shaka kwanza.

Bima ndogo haina mengi. Kwa gari binafsi ni shilingi 100,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 118,000, liwe jipya au chakavu.

Kazi ipo kwenye bima kubwa. Kiwango cha gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha VAT juu yake. Tuseme Toyota IST yako imeandikwa shilingi milioni 14. Zidisha kwa 0.035 upate 490,000. VAT ni 88,200. Jumla 578,200. Piga hesabu hiyo mwenyewe kwenye simu kabla hujaenda kwa wakala, kisha linganisha na karatasi atakayokupa. Kiasi chake kikizidi, muulize kila shilingi ya nyongeza ni ya nini: redio, kioo cha mbele, au kitu ambacho hukukiomba.

Kosa linalokula hela nyingi ni thamani kunakiliwa kutoka mwaka jana. Gari limeshuka bei, lakini wakala anafungua rekodi ya zamani, anabadilisha tarehe, anakutumia namba ya malipo. Ikiwa IST hiyo leo inauzwa milioni 11, ada yake ni 385,000, na VAT 69,300, jumla 454,300. Umelipa 123,900 za bure, maana gari likiibiwa kampuni itaangalia bei ya soko ya siku hiyo, haitakupa milioni 14 kwa sababu tu ndiyo iliyoandikwa.

Kupata thamani ya kweli, tafuta bei za magari matatu au manne yanayofanana na lako: mwaka uleule wa kutengenezwa, injini ileile, hali ileile. Angalia yadi na matangazo ya mitandaoni. Bei ya tangazo huwa na nafasi ya kupunguziana, kwa hiyo chukua ya katikati na uishushe kidogo. Hifadhi picha za matangazo hayo zikiwa na tarehe. Kampuni ikikataa thamani yako, omba gari lifanyiwe uthamini, ila uliza mapema nani analipa gharama yake.

Usishushe kupita kiasi. Hapa ndipo wengi huumia. Gari la milioni 14 likiandikwa milioni 9, ada inakuwa 371,700, umeokoa 206,500. Halafu linagongwa pale Igoma, matengenezo ni shilingi 2,800,000. Ikiwa mkataba una kifungu cha uwiano, na mingi inacho, kampuni inasema umekata bima ya tisa ya kumi na nne, kwa hiyo inahesabu tisa ya kumi na nne ya hasara: 1,800,000. Milioni moja ni yako. Na bado hawajakata ekses, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kila unapodai. Kiasi cha ekses soma kwenye mkataba wenyewe, usitegemee maneno ya mdomo. Kampuni mbili zenye ada sawa zinaweza kutofautiana sana hapo.

Kundi la matumizi nalo likaguliwe. Fungua kava noti, yaani hati ya bima yako, tafuta sehemu ya matumizi ya gari. Probox iliyoandikwa binafsi lakini kila alfajiri inabeba sangara wa wateja kutoka Mwaloni Kirumba, au inapakia abiria wa nauli kwenda Magu, inaweza kunyimwa fidia siku ya ajali, hata kama ada ililipwa yote. Ada ya biashara ni kubwa, ndiyo, lakini ndiyo inayolipa. Kinyume chake pia kipo: gari liliacha kazi ya teksi, kadi ya gari ikabadilishwa, bima ikabaki ya biashara. Peleka nakala ya kadi mpya warekebishe.

Kuhusu dereva ambaye hajadai fidia, kampuni nyingi zina punguzo lake, lakini mara nyingi halitolewi mpaka uliombe. Ukihama kampuni, chukua kwanza barua ya kampuni ya zamani inayoonyesha miaka uliyokaa bila kudai. Bila barua hiyo unaanza sifuri. Hasara ndogo iliyo karibu na ekses ni bora utengeneze mwenyewe na kulinda punguzo.

Anza yote haya wiki tatu au nne kabla bima haijaisha. Siku ya mwisho, trafiki wakiwa Buhongwa, utalipa chochote unachotajiwa. Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA-MIS uone kama bima imesajiliwa, na kama tarehe na jina la kampuni ni sahihi. Isipoonekana, rudi kwa wakala siku hiyohiyo ukiwa na risiti.

Ukiona umetozwa isivyo, andika barua kwa kampuni ukiambatanisha hesabu yako, kava noti na risiti, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Majibu yasiporidhisha, peleka nakala hiyo ofisi ya TIRA Kanda ya Ziwa, iko hapahapa Mwanza. Mgogoro ukiwa wa fidia, yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, naye kitu cha kwanza atakachokuuliza ni kama ulianza kulalamika kwa kampuni yenyewe.