Namna ya kupata warsha ya uandishi Dar, na hata kama hauko Dar

Kuna swali naulizwa sana na vijana wanaoandika, kaka mimi nina riwaya nimefika sura ya saba, hizi warsha za uandishi zinapatikana wapi? Na wengi wanakuwa wameshaingia Google wakatafuta kwa Kiingereza, wakaletewa vyuo vya Marekani na kozi za kulipia kwa dola, wakakata tamaa wakidhani huku kwetu hakuna kitu. Vipo jamani. Ila havipatikani kwa njia hiyo.

Warsha nyingi za huku hazitangazwi kama nafasi za kazi. Mtu anapata ukumbi, anapata hela kidogo ya chai, anawaambia watu ishirini anaowajua wanaandika, basi imejaa. Ukiliona bango lake tayari imeshapita. Kwa hiyo usianze kutafuta warsha, anza kutafuta watu wanaosomeana kazi, warsha utaambiwa na wao.

Watu hao unawapataje? Mimi nilianzia kwenye ukurasa wa shukrani. Nilienda duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) pale Samora nikachukua vitabu vitano vya waandishi wetu walio hai, vilivyotoka miaka ya karibuni, nikavisoma shukrani tu nikiwa nimesimama. Pale mwandishi anamtaja aliyemsomea muswada, aliyeuhariri, kikundi alichokuwa anakaa nacho. Majina mawili yakajirudia kwenye vitabu vitatu tofauti. Nikawatafuta Facebook nikawaandikia, mmoja hajajibu mpaka leo, mwingine akaniambia njoo Jumamosi tunasomeana. Ndo nilivyoingia.

Kwa Dar sehemu ya kwanza kabisa ningekupeleka Soma Book Café, Mikocheni, upande wa Regent Estate. Imeanzishwa na Demere Kitunga, mama ambaye amehariri na kuchapisha vitabu kwa miaka mingi sana, na pale kuna vitabu vya kusoma, kuna chai, na kuna jioni za kusomeana na mijadala ya vitabu. Usiende siku moja ukauliza "warsha ipo lini" ukaondoka. Nenda kwenye tukio la mtu mwingine, kaa, sikiliza, uliza swali moja la maana kuhusu kitabu chake, rudi mara ya pili. Mara ya tatu utakuwa unaitwa kwa jina. Nafasi Art Space na yenyewe iko Mikocheni, pale uchoraji na sanaa za kutazama ndo nyingi zaidi ila wasanii wa maneno wanapita sana, na vituo vya utamaduni vya Wajerumani na Wafaransa, Goethe-Institut na Alliance Française, wakati mwingine wanaleta mwandishi wa nje anakaa na vijana siku mbili tatu, hao ingia orodha yao ya barua pepe tu.

Kama unaandika riwaya uliza habari za UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya wenye Dira. Kama wewe ni wa mashairi ya vina na mizani, waulize wazee wa UKUTA, chama cha washairi wa Kiswahili, maana malenga wana utaratibu wao wa kufundishana ambao ni wa zamani kuliko hili neno warsha, mtu anatunga, mwenzake anamjibu, wakubwa wanasema mizani imepungua hapa, kina cha kati kimekataa. Ukikaa na malenga wa kweli miezi mitatu utajua kuhesabu silabi usingizini, na hata ukiandika hadithi ya kawaida sentensi zako zinabadilika. Hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu vijana wengi wa riwaya wanawapita hawa watu.

Mwanafunzi wa chuo ana bahati zaidi, CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili, ipo kwenye vyuo vingi vya Afrika Mashariki na makongamano yao yanakukutanisha na wenzako wa Kenya na Uganda kwa nauli ya basi. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Sio lazima uwe unasoma pale ili ukasikilize mhadhara wa wazi, uliza tu.

Halafu kuna tuzo. Watu wanaziangalia tuzo kwa ajili ya hela, mimi nakwambia ziangalie kama orodha ya watu wa kuwafuata. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iko chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ya kwanza ilitolewa 2023, tarehe 13 Aprili siku aliyozaliwa Mwalimu. Ile ya Safal, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, ilianzishwa 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi kwa ajili ya kazi za Kiswahili, na imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapwa. Zikitangazwa, soma majina ya waliofika orodha fupi, sio mshindi peke yake. Mshindi siku hiyo ana simu mia, aliyekuwa wa nne ana muda wa kukujibu, na mara nyingi yuko mkoani kama wewe na ana kikundi chake.

Na usiogope mpaka. Jalada ya Nairobi, kikundi cha waandishi ambacho 2016 ilitoa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o kwa lugha zaidi ya thelathini, kilizaliwa na vijana waliokutana kwenye warsha 2013, yaani warsha iliisha wao wakakataa kuachana. Kampala kuna FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanza 1995, dada zangu mnaoandika kifuatilieni sana kwa sababu kimekuwa kikiwaweka waandishi wanawake wa nchi mbalimbali pamoja wanaandika bila kusumbuliwa. Na warsha ya Caine, ile tuzo ya hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika, ya 2017 ilifanyika Bagamoyo, hapa hapa, ila Kiingereza. Hilo la lugha liulize mapema kabisa, warsha nyingi kubwa za ukanda huu zinataka sampuli ya Kiingereza, na kuna mtu anajitesa kutafsiri hadithi yake usiku mmoja inatoka imekufa. Kama unaandika kwa Kiswahili tafuta kwanza za Kiswahili.

Sasa kabla hujatuma hela. Niliwahi kulipa elfu themanini kwa mafunzo ya siku mbili, jina la waandaaji naliacha, tulikuwa watu kama sitini ukumbini, tukasikiliza mtu anaongelea kufanikiwa maishani, tukapewa cheti na soda, hakuna hata mmoja aliyesoma ukurasa wangu mmoja. Iliniuma sana maana niliikopa ile hela. Tangu hapo nauliza maswali haya kwenye simu: mtakuwa wangapi? Nani anasoma kazi yangu na anaisoma kabla au siku hiyo hiyo? Yeye mwenyewe ameandika au amehariri nini nikakisome? Na mkitoa kitabu cha hadithi za washiriki, haki ya hadithi yangu inabaki kwa nani? Wakizidi watu kumi na tano kwa mwalimu mmoja hiyo ni semina, sio mbaya, ila usiilipie bei ya warsha. Hilo la haki litake kwa maandishi, hata meseji ya WhatsApp inatosha kuanzia.

Na wewe uwe tayari. Nafasi nyingine inatangazwa Jumanne inafungwa Ijumaa, anayepata ni yule mwenye kurasa tano zilizokwisha kusafishwa, sio mwenye riwaya ya kurasa mia nne ambayo haijahaririwa. Weka kwenye simu hadithi fupi moja iliyokamilika, na maelezo yako mistari minne, unaitwa nani, uko wapi, unaandika nini, umeshatoa nini kama kipo. Kama hakipo usitunge.

Uko Songea, Kigoma, Tanga ndani huko? Nenda maktaba ya mkoa, omba meza moja kila Jumamosi ya pili ya mwezi, bandika karatasi ukutani kwamba mnasomeana hadithi, na mwambie mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya jirani. Wakija watatu wanatosha. Kila mtu asome kurasa tatu kwa sauti, mwenye kazi anyamaze wengine wakisema walipopotea na walipotaka kuendelea, ndo azungumze mwisho. Baada ya miezi sita andikeni barua kwa mwandishi mmoja mnayempenda mumwambie mko wanne mnakutana bila kukosa, mnaomba saa moja tu ya simu. Mimi barua ya namna hiyo ikinijia, siwezi kuikataa.