Modemu ya USB ikifunguka kama CD kwenye Linux

Ukichomeka modemu ya Huawei kwenye kompyuta ya Linux, ikafunguka kama CD yenye programu za Windows, usihangaike kusaka draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa). Draiva yake inaitwa option, na imo tayari ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Shida ni kwamba modemu imejitambulisha kama CD, kwa hiyo kerneli haijui kuwa kuna modemu hapo. Mimi nilipoteza jioni nzima kabla ya kulielewa hilo.

Fungua terminali, andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Yangu ilionyesha 12d1:1446. Hiyo 12d1 ni Huawei, 1446 ndiyo hali ya CD. Sakinisha usb-modeswitch na usb-modeswitch-data, ambazo huitoa modemu kwenye hali ya CD. Kama huna intaneti kabisa, vipakue kwenye kompyuta nyingine uvilete kwa fleshi. Kisha chomoa modemu, ichomeke tena, subiri kama nusu dakika, urudie lsusb. Tarakimu nne za mwisho zikibadilika, kazi kubwa imekwisha. Andika ls /dev/ttyUSB* na utaiona ttyUSB0 pamoja na wenzake, ndiyo milango ya modemu.

Hapo NetworkManager, programu ya Linux ya kuunganisha mtandao, itaitambua yenyewe, wewe weka APN (jina la kuingilia intaneti) ya mtandao wako tu. Wanaopenda wvdial, programu ya kuunganisha modemu kwa terminali, waweke *99# kuwa namba ya kupiga, na wakiambiwa hawana ruhusa wajiongeze kwenye dialout, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia modemu, watoke na kuingia upya. Na kama laini ina PIN, iondoe kwanza ikiwa kwenye simu.