Namna ya Kusoma Kibonzo cha Kashfa cha Uingereza ya Zamani

Mwalimu wa historia wa Mwanza anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake vibonzo vya Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19 aanze na mwaka uliochapwa kwenye picha, kwa kuwa mara nyingi mwaka ndio unaofichua kashfa yenyewe. Ukiwa ni 1809, yaelekea anayechekwa ni Duke wa York, mkuu wa jeshi, aliyejiuzulu baada ya Bunge kuchunguza madai kwamba hawara wake wa zamani, Mary Anne Clarke, alipokea fedha ili kuwapatia watu vyeo vya kijeshi.

Mwaka 1820 una utamu zaidi. Mfalme George IV alitaka kumtaliki Malkia Caroline kwa tuhuma za uzinzi, na ushahidi ukaletwa Bungeni katika mifuko ya kijani. Kwa hiyo mfuko wa kijani ukionekana hata pembeni mwa picha, usiupuuze.

Kisha soma maneno yanayotoka vinywani mwa wahusika. Picha hizi zilichapwa kwa bamba la shaba, nyingi zikapakwa rangi kwa mkono, na asiyemudu bei alizitazama kwenye madirisha ya maduka, kama wasomaji wetu wanaosimama mbele ya vibanda vya magazeti katikati ya jiji.

Mwisho, waulize wanafunzi ni nani hakuchorwa. Mwaka huohuo wa 1820 mchoraji George Cruikshank alilipwa pauni 100 ili asimchore Mfalme katika hali ya aibu, na malipo hayo, kwa maoni yangu, yanastahili kipindi kizima.